Diski ya Eneo la Pili

Sogeza kiti karibu, rafiki yangu, na hiyo simu uilaze kifudifudi mezani kwa muda kidogo. Nina kitu nataka nikuonyeshe. Nilikipata wiki iliyopita nilipokuwa napanga maboksi ya kuhamia Annandale. Kilikuwa ndani ya sufuria kubwa ya Nyanya, ile ya kupikia sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, ambayo Mama alinipa na ambayo mpaka leo sijaipikia kwa sababu haienei kwenye sinki langu. Ndani ya sufuria mlikuwa na kipande cha kitenge kilichokunjwa vizuri, na ndani ya kitenge DVD moja.

Binti yangu wa miaka mitano aliichukua, akajitazama uso, akaniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, ikiwa ni kioo. Nikamjibu kwa Kiswahili, kama kawaida yangu, kwamba ni mchezo. Akaigeuza huku na huku akitafuta mahali pa kubonyeza, hakupaona, akanirudishia.

Hebu ishike na wewe. Upande wenye maandishi utaona alama ndogo ya dunia, na katikati yake namba 2. Usiipuuze namba hiyo. Nitakueleza polepole, maana hata mimi nilielezwa na mtu mvumilivu. Wale waliotengeneza DVD waliigawanya dunia vipande vipande na kila kipande wakakipa namba. Marekani ni eneo la kwanza, Ulaya ni la pili, nchi nyingi za Afrika ni la tano. Mashine iliyonunuliwa huku husoma diski za huku. Ukiitia diski ya Ulaya inaikataa, hata kama ni mpya kabisa na haina mkwaruzo. Walikuwa wanalinda biashara ya filamu zao, zisifike mahali kabla ya wakati. Hawakuwa na habari kwamba siku moja mama mzee wa Uvira, Kongo, angekuwa ameketi huku Marekani, Gaithersburg, akitaka tu kumwona mtoto wake aliyeko Ubelgiji.

Tulikuwa tunakaa ghorofa ya pili, fleti ya vyumba viwili, si mbali na ile barabara kuu ya 270. Magari yalisikika mchana kutwa, na Nyanya alisema hayamsumbui kwa sababu yanavuma kama mto Ruzizi wakati wa mvua. Jumamosi nyumba ilinuka sombe na mafuta ya mawese mpaka kwenye nguo za shule. Kazi yangu ilikuwa kuchambua ndagala, yaani kuwatoa vichwa wale samaki wadogo wakavu, na kukunja sare za Mama za kazini, suruali chini, blauzi juu. Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na jioni mbili kwa wiki alisoma uuguzi chuoni. Masomo yake mengine yalikuja kwenye DVD za kuazima: namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumuumiza, namna ya kusikiliza mapafu. Aliyatazama kwenye kompyuta kubwa ya mezani tuliyopewa na jirani wa chini, Mkenya mmoja fundi wa kompyuta, siku ofisi yao ilipokuwa inatupa vitu vya zamani. Ilikaa kwenye pembe ya sebule, mahali ambapo watu wengine huweka televisheni. Sisi televisheni hatukuwa nayo.

Lakini kazi yangu kubwa ilikuwa kusoma. Nilikuwa na miaka tisa na Kiingereza changu kilikuwa kimempita kila mtu nyumbani. Kila karatasi iliyoingia mlangoni ilipitia mikononi mwangu. Nyanya angeuliza, "Kinasema nini, mutoto?" nami ningesoma haraka haraka kimoyomoyo, kisha nifupishe. Barua ya kurasa tatu kutoka kwa wenye fleti niliimaliza kwa maneno matano: "Watakuja kukagua king'ora cha moshi." Nyanya alitingisha kichwa kwa furaha. Aliniita macho yake. Kama wewe nawe ulikulia nyumba ya namna hiyo, unajua raha yake, na unajua pia kwamba hakuna aliyekuwa anakukagua.

Sasa nikwambie juu ya mama mdogo. Ni mdogo wake Mama, na kule Uvira alikuwa ndiye sauti ya kwaya. Alipofika umri wa usichana akaanza kuimba na kikundi cha maigizo kilichozunguka mahotelini na kwenye kumbi. Nyanya hakupenda. Alimwambia mbele ya watu kwamba sauti ile alipewa kwa ajili ya kanisa, haikuwa ya kuchezesha wanywaji bia, na kwamba achague. Mama mdogo akachagua kunyamaza. Vita vikaja, kila mmoja akakimbilia upande wake, sisi tukafika huku na yeye akafika Ubelgiji. Alikuwa akimpigia Mama simu, wanaongea na kucheka, kisha Mama anauliza, "Nikupatie Mama yetu?" na simu inakatika kwa sababu fulani. Miaka minane hivyo. Nyanya hakuwahi kulalamika. Aliuliza tu, kila simu ilipokwisha, "Iko mzima?"

Ndipo siku moja ikaja bahasha ya kahawia. Ndani yake DVD hii, na karatasi yenye mwandiko wa mama mdogo: nimejiunga na watu wa ukumbi wa mji wetu, tumeigiza mchezo wa nyimbo, mimi nimo, ulirekodiwa. Halafu mstari wa chini, uliopigiwa kistari: Mama atazame mpaka mwisho.

Nyanya aliniambia nimsomee mara mbili ule mstari wa mwisho. Huo sikuufupisha, ulikuwa mfupi tayari.

Tulishuka nayo kwa jirani, aliyekuwa na televisheni na mashine ya DVD. Mashine ikaimeza, ikanguruma, ikaitema. Mama akasema labda ina vumbi la safari. Tukapanda nayo juu, tukaiosha kwa sabuni ya vyombo, Nyanya akaikausha kwa kitenge chake, tukashuka tena. Ikatemwa tena. Jirani akaitazama upande wa maandishi, akaona ile namba, akaanza kucheka.

"Shosho," alimwambia Nyanya, maana ndivyo Wakenya wa kwao wanavyomwita bibi, "hii si chafu. Hii ni ya Ulaya. Mashine ya Amerika haiwezi kuisoma."

"Juu ya nini?" Nyanya aliuliza, yaani kwa nini. "Haina karatasi?"

"Ni kama haina karatasi, shosho."

"Hata hii chombo inaombwa viza!" Nyanya alisema, na tulicheka wote, yeye kwa sauti kubwa kuliko sisi. Alikuwa amesimama kwenye foleni za karatasi nchi tatu. Mambo ya kukataliwa mlangoni aliyajua vizuri kuliko jirani.

Jirani yule, Mungu ambariki alipo, hakuwa mtu wa kuacha kitu nusu. Alipanda juu kwetu, akaketi mbele ya kompyuta, akatia diski, na likajitokeza dirisha lenye maandishi mengi. Akanionyesha: hapa unachagua eneo, hapa unakubali, basi inacheza. Simu yake ikalia, kazini wanamwita. Akasimama huku akivaa koti. "Soma kila kitu kabla hujabonyeza, sawa?"

"Sawa," nikasema.

"Kinasema nini?" Nyanya aliuliza kutoka kwenye kochi.

"Kinasema ndiyo," nikajibu, na nikabonyeza.

Mchezo wenyewe ulikuwa kwa Kifaransa, na Nyanya Kifaransa chake kiliishia kwenye salamu. Kwa hiyo Mama alimwalika mkalimani. Huyu ni mzee wa Kirundi, aliyesoma kwao kwa Kifaransa, aliyekuwa anatafsiri kanisani kwetu, maana tulikuwa tunasalia ukumbi mmoja na Wamarekani, na mchungaji wao akihubiri kwa Kiingereza lazima pawe na mtu wa kutusemea. Laiti ungemwona akifanya kazi! Mchungaji akirusha mkono, naye anarusha mkono. Mchungaji akinong'ona, naye ananong'ona. Siku moja mchungaji alikohoa katikati ya mahubiri, na watu wanaapa kwamba mkalimani naye alikohoa. Watoto tulimcheka, lakini hakuna neno lililopotea mikononi mwake. Alikuwa na msemo wake: "Mimi sikati. Mwenye kusema ndiye mwenye kukata."

Jumapili ile alikuja moja kwa moja kutoka ibadani akiwa na suti yake. Alikula ugali na sombe, akanawa mikono, kisha hakuketi. Alisimama kando ya kompyuta, mikono ameikunja mbele, kama anavyosimama kando ya mchungaji. Nami nikabonyeza.

Ningependa uone nilichokiona. Kama hujawahi kutazama mchezo wa jukwaani uliorekodiwa, usidhani ni sawa na filamu. Filamu inakupeleka mtaani na mlimani. Hii inakuketisha kwenye kiti kimoja, ndani ya ukumbi wa watu, na haikutoi humo. Unasikia mtu akikohoa safu ya nyuma. Unasikia viatu vikigonga mbao. Kamera ikisogea unaona jasho likichimba njia kwenye poda ya muimbaji, na mishipa ya shingo inavyosimama kabla ya sauti ya juu kutoka. Hakuna aliyerudia. Kilichotoka ndicho kilichotoka.

Hadithi ilikuwa ya mwanamke muoka mikate kwenye mji ambao kengele yake imeibwa. Ameapa kwamba mpaka kengele irudi hataoka tena, na mji mzima una njaa na unamwimbia kumbembeleza, na meya anamwimbia kumtisha. Nyumba zilikuwa za mbao zilizopakwa rangi, zikisukumwa na watu wenyewe huku wanaimba. Palikuwa na tanuri lililotoa moshi wa kweli, na daraja lililokatika katikati ya jukwaa na kuungana tena mbele ya macho yetu, na mpaka leo sijui walifanyaje. Taa moja ya bluu ikiwaka, ni alfajiri. Ikiwaka ya manjano, ni mchana wa sokoni. Nilikuwa mtoto wa katuni, na siku hiyo nilijifunza kwamba watu wazima wanaweza kukubaliana, mamia kwa pamoja, kwamba ubao ni mto.

Na mkalimani! Meya alipoimba kwa kiburi, mkalimani alitoa tumbo mbele na kutunisha mashavu: "Mimi ndimi mji, na mji ni mimi, leteni mikate!" Mama alicheka mpaka akaweka sahani chini.

"Pole pole, mzee, utapasua suti."

"Si mimi, dada. Ni meya."

Dakika kama kumi hivi zilikuwa zimepita pale wanawake walipoingia na vikapu, foleni ndefu mbele ya duka lililofungwa. Nyanya akainuka kwenye kochi. Alikwenda mpaka kwenye kioo cha kompyuta, akaweka kidole juu ya mwanamke wa nne, mwenye kilemba cha bluu.

"Anasimama vile vile," alisema. "Mguu moja amelegeza. Nilimwambia mara ngapi."

Foleni ikaanza kuimba. Sauti zilikuwa nyingi na mimi sikuweza kuitenga ya mama mdogo, lakini Nyanya aliitenga. Nilimwona akiinamisha sikio na kuitikia kwa kidevu, mara huku, mara huku. Mkalimani alitafsiri maneno ya wimbo kwa sauti ya chini. Yalikuwa ni maneno ya watu wanaomwambia mwenzao kwamba wamemkosa.

Mchezo ulikuwa na sehemu tatu, jumla yake kama saa tatu, na mkalimani aliingia kazini hospitalini saa kumi na moja jioni. Tukapatana sehemu moja kila Jumapili. Wiki hiyo Nyanya alitembea nyumbani akivuma wimbo wa foleni ya mikate bila maneno. Nilipomtazama alinyamaza.

Hapa ndipo nilipoharibu. Jumanne Mama aliniita nimwekee diski yake ya masomo. Lile dirisha likaja: diski hii ni ya eneo la kwanza, badilisha? Nikabonyeza. Jumapili ya pili, diski ya mama mdogo, dirisha, nikabonyeza. Siku hiyo muoka mikate alikataa zawadi za meya, na Nyanya akapiga makofi. Jumatano, diski ya Mama, dirisha, nikabonyeza. Kila mara mtu aliuliza linasema nini na kila mara nilisema linasema ndiyo. Niliona kulikuwa na namba mahali fulani chini. Nilidhani ni mambo ya kompyuta.

Jumapili ya tatu nilikuwa wa kwanza kufika nyumbani kutoka kanisani, na nilitaka waikute iko tayari. Kwa sababu nilikuwa peke yangu na hakuna aliyeniharakisha, nikasoma mpaka chini. Kompyuta ilikuwa inaruhusu kubadilisha eneo mara tano tu. Nilikuwa nimetumia nne. Badiliko moja limebaki, na baada ya hapo eneo litakalochaguliwa halitabadilika tena kamwe.

Nilihesabu kwa vidole. Nikichagua eneo la pili, Nyanya atamaliza mchezo wake, na diski za Mama hazitafunguka tena kwenye kompyuta ile, na mtihani wake ulikuwa mwezi ule ule. Nikiacha la kwanza, Mama atasoma, na Nyanya hatauona mwisho. Niliwasikia wanapanda ngazi. Nikaizima.

"Kompyuta inaumwa," nikasema.

Mkalimani akala, akasema pole kwa mgonjwa, akaenda. Jumapili iliyofuata ikawa bado inaumwa. Jambo ambalo siwezi kusahau ni kwamba Nyanya alivaa kitenge chake cha sikukuu Jumapili hizo zote, kile chenye ua la zambarau, akakaa kwenye kochi dakika ile ile, mikono magotini, akinitazama nikijifanya nakagua nyaya. Na katikati ya wiki Mama alisoma kwenye kompyuta hiyo hiyo bila shida, nami nilimwambia Nyanya kwamba ugonjwa ule unakuja Jumapili tu. Nyanya hakubisha. Nilikuwa macho yake.

Jumapili ya tatu ya uongo wangu hakuketi. Alikuja na kipande cha kitenge cha zamani, akaitoa diski kwenye mashine, akaifungafunga.

"Acha kujisumbua, mutoto," alisema. "Nimeelewa. Pengine amegeuza moyo. Pengine hataki tena nione mwisho."

Mkalimani alikuwa mlangoni anavua viatu. Mama alikuwa amebeba sufuria. Mimi nililia kwanza, maneno yakafuata, na yalikuja yote kwa fujo: namba, tano, nne, mtihani, Ulaya. Hakuna aliyeelewa kitu.

Mkalimani ndiye aliyeniokoa. Alikuja na soksi zake mpaka kwenye kompyuta, akanikalisha kitini, akasimama kando yangu, mikono ameikunja mbele.

"Bon," alisema. "Wewe ni mchungaji, mimi ni mkalimani. Soma. Mimi sikati."

Nikafungua lile dirisha na nikasoma kwa Kiingereza, kwa sauti, mstari mmoja baada ya mwingine. Naye akatafsiri. Nilipofika kwenye onyo, aliinua kidole hewani: "Onyo!" Nilipopunguza sauti, naye alipunguza. "Umebakiwa na badiliko moja. Baada ya hapo, hutaweza tena kubadilisha, hata ukihamisha mashine ya kusomea diski, hata ukiweka programu upya." Mpaka vitone na alama zote. Ilikuwa mara ya kwanza nyumbani kwetu kwa maandishi kusomwa mpaka chini, na nilikuwa nasikia mwenyewe kumbe yanasema mengi.

Magari ya 270 yalisikika.

"Na masomo yangu?" Mama aliuliza.

"Yatakataa," nikasema.

Nyanya akasema mara moja, "Basi iache. Mtihani ni mkate wa nyumba. Nimemwona kwenye foleni, inatosha."

Mama aliweka sufuria chini. Alikuwa na sare ya kazini bado, ametoka zamu. Alimwangalia Nyanya, akaangalia kile kifurushi cha kitenge mkononi mwake, na akanyoosha kiganja.

"Ilete hapa, Mama. Aliandika utazame mpaka mwisho." Kisha akaniambia mimi, "Bonyeza."

"Mama, ni milele."

"Nimesikia, imesomwa vizuri. Bonyeza."

Nikabonyeza, na kompyuta yetu ikawa ya Ulaya hadi siku ya kufa kwake.

Sehemu ya tatu ilikuwa nzuri kupita zote. Kengele ilipatikana imefichwa ndani ya tanuri lenyewe, muoka mikate ndiye aliyekuwa ameikalia bila kujua, na mji mzima ukaimba huku wakiivuta kwa kamba, na mkalimani akavuta kamba isiyokuwepo mpaka shati likachomoka. Pazia likashuka. Mkalimani akafuta jasho, akasema, "Bon, ndio mwisho," na akanyoosha mkono kwenye kitufe.

"Usiguse," Nyanya alisema.

Pazia likapanda tena. Waigizaji wakaja mstari kwa mstari kuwashukuru watu, kama wafanyavyo kwenye kumbi, wanainama kiunoni, wanapigiwa makofi, wanarudi nyuma. Wanawake wa foleni wakaja, wakashikana mikono, wakainama, wakarudi. Mmoja hakurudi. Mwenye kilemba cha bluu alibaki mbele, akaiangalia kamera moja kwa moja, akapiga goti, akakunja viganja viwe kama vikombe, na akavigonganisha polepole mara tatu, kwa ile sauti nzito ya chini.

Kwetu ndivyo binti anavyomwamkia mama yake asubuhi. Nilikuwa nimemwona Mama akimfanyia Nyanya hivyo kila siku jikoni, kabla ya chai. Watu wa ukumbi ule hawakujua wameona nini, walipiga makofi tu.

Nyanya alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kochi. Alikunja viganja vyake, akajibu mara tatu, akiangalia kioo. "Eeh, mwanangu," alisema. "Eeh. Inuka sasa, mbao ni baridi." Mkalimani alikuwa anaangalia soksi zake.

Mama alipiga simu Ubelgiji hapo hapo, na safari hii haikukatika.

"Nimekuona," Nyanya alisema. "Umekonda." Akasikiliza. "Mpaka mwisho, ndiyo. Sisi wote." Akasikiliza kwa muda mrefu. "Ile ya mikate, nani anaimba sauti ya pili? Anakuharibia. Mwambie." Na kwa sauti ya chini zaidi, ameufunika mdomo, lakini mimi nilikuwa karibu, "Niimbie kidogo. Hapana, si ya kanisa. Ile ile ya mikate."

Kuhusu masomo ya Mama, nilishuka mwenyewe kumwambia jirani nilichofanya. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akashika kichwa. "Kwani hukusoma?" Kisha akacheka. "Si mimi niko na mashine ya huku hapa chini? Mwambie mathe akuje asome hapa, mchana mimi niko job." Akanipa ufunguo. Mama alisoma mapafu kwenye kochi la jirani wiki mbili, akimwachia chapati mezani, na mtihani akaupita. Jumapili tatu nzima nilizojitesa, dawa ilikuwa ngazi kumi na mbili chini yangu.

Nilipita pale juzi. Fleti zimepakwa rangi ya kijivu, na mlango wetu sasa una kufuli la namba. Jirani alirudi Kenya na inasemekana anafuga kuku. Mkalimani amestaafu hospitalini lakini kanisani bado anarusha mikono. Nyanya tulimzika akiwa na kile kitenge cha ua la zambarau, na mama mdogo alikuja, alipata viza, na aliimba kaburini wimbo ambao wachungaji hawakuujua. Kompyuta tulishaitupa. Siku hizi mchezo wowote unaletwa na simu, hauna namba ya eneo unayoweza kuiona, na ukikwisha mwingine unaanza wenyewe kabla waigizaji hawajainama. Hicho ndicho kinachonikera. Unanyang'anywa dakika mbili za mwisho na hukuombwa ruhusa.

Nimeagiza mashine ndogo ya kusoma diski za kila eneo, itafika Ijumaa. Binti yangu nitamkalisha nami nitasimama kando, mikono nimeikunja mbele, nimtafsirie kila neno nililolishika kwa mkalimani, na meya nitamfanya kwa tumbo.

Nawe, rafiki yangu, ukitazama mchezo wa jukwaani na mzee wako, pazia likishuka ondoa mkono kwenye kitufe. Subiri waje wote kuinama, hadi yule wa mwisho aondoke, na jukwaa libaki tupu. Hapo ndipo uzime.